Tuombe, Lakini Macho Wazi

Mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijaanza kusahau. Nimekaa barazani kwangu Moshono, kahawa ipo mezani, na nilikuwa nimeshapata sentensi nzuri ya kuanzia. Halafu jirani akaanza kuchomelea geti lake, mtungi wa gesi ya kupikia ukiwa umekaa pembeni yake kama mgeni anayesubiri chai. Nimekwenda, nimesalimia, nimeuliza habari za watoto, na mtungi umehamia nyuma ya nyumba. Ile sentensi nzuri imepotea. Basi tuanze na hii hii.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Walionipita wako hai na wanajua kusoma. Nitasema tu kwamba ofisini mlinipa jina la Mama Cheche, na hadi leo sijaelewa haki iko wapi. Mtu anatumia maisha yake yote kuzuia cheche, halafu anapewa jina lake. Daktari wa malaria hamumwiti Mama Mbu.

Kwa asiyeijua, kazi yetu ni kukagua nyaya za umeme mahali ambapo cheche moja inatosha. Vituo vya mafuta, maghala ya gesi, mashine za unga, karakana za mbao, vyumba vya kupulizia magari rangi. Umeme wa sebuleni ukikosewa unakuunguzia friji. Wa huko ukikosewa unaondoka na ukuta, na aliyeegemea ukuta.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Lembris, Mwarusha wa upande wa Olmotonyi, mrefu, mkavu, aliyefuga ng'ombe na kukagua umeme, na sikuwahi kujua ipi kati ya hizo aliiona ndiyo kazi. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akitazama viatu vyangu.

"Hivyo vina chuma kwenye kisigino?"

"Sijui, mzee."

"Basi kajue."

Hiyo ndiyo iliyokuwa semina yangu elekezi. Nilivua kiatu pale pale kwenye ngazi za ofisi, nikakigeuza, na kweli kilikuwa na kipande cha chuma ambacho fundi viatu alinipigilia ili kisilike. Kwenye sakafu ya zege kile chuma kingeweza kutoa cheche kila hatua. Nikaanza kazi ya serikali kwa kuazima ndala za mfagizi.

Na hizo ndala ndizo nilizovaa tulipokwenda kukagua mashine ya unga pale Sokon I. Hapa niwaeleze kuhusu neno moja, maana ndilo lililobeba kazi yangu yote. Sisi mafundi, umeme ulio kwenye waya tunauita moto. Waya wa moto ndio unaouma. Tukiuliza "moto upo?" tunauliza kama umeme umefika. Mwananchi wa kawaida akisikia moto anafikiria jiko. Mzee Lembris alikuwa fundi miaka mingi kiasi kwamba alishasahau kuwa kuna wananchi wa kawaida.

Akasimama mbele ya boksi la swichi, akamwuliza mwendesha mashine, "Moto upo?"

Yule bwana, masikini, alikuwa na jiko la mkaa nyuma ya magunia, anachoma mahindi yake ya mchana. Alishasikia kuwa wakaguzi hawataki kuona moto karibu na unga. Akajibu haraka, mikono yote miwili juu, "Hakuna moto, mzee! Hakuna kabisa! Umeondolewa tangu asubuhi!"

Mzee Lembris akafungua boksi na kuingiza vidole.

Alirushwa nyuma akakaa juu ya gunia la pumba. Akajikung'uta unga mabegani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, "Moto upo."

"Mzee," mwendesha mashine akasema kwa mshangao, "huo ni umeme!"

Nilicheka wiki nzima, ila kwa kificho. Mzee Lembris hakucheka, na tangu siku hiyo aliweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kumwuliza mtu kama umeme upo. Unapima na kifaa. "Kifaa hakina adabu," alisema. "Hakikuambii unachotaka kusikia." Ya pili, neno moto lilipigwa marufuku kazini. Umeme ni umeme, jiko ni jiko, mlipuko ni mlipuko. Aliyeteleza alinunua chai ya ofisi nzima. Nyie mliokuja baadaye mlidhani ni mchezo wetu wa wazee. Haukuwa mchezo.

Alasiri ile ile alimfundisha mwendesha mashine kwa nini tulikuwa tunasumbua watu. Alichukua kopo tupu la rangi, akaweka kipande cha mshumaa unaowaka ndani, akamwaga unga mkavu kidogo kwenye mpira mwembamba uliopenya chini ya kopo, akafunga mfuniko, akapuliza. Tulikuwa nje kabisa, mbali na mashine. Kopo likasema "pwaa!" na mfuniko ukapaa ukatua juu ya bati. Sembe ile ile ya ugali. Mwendesha mashine alitazama bati, akatazama vumbi lililojaa juu ya mota yake, kisha akaenda mwenyewe kutoa jiko nyuma ya magunia. Hatukuwa tumeliona. Mahindi yalikuwa yameiva vizuri, tukala.

Vijana wengi huja kutoka chuo wakiwa wamekariri kanda za hatari kama sala, halafu wakifika kituoni hawajui wamesimama kwenye ipi. Mimi niliwafundisha kwa shemeji. Kanda sifuri ni shemeji anayeishi kwako: hewa ya mafuta ipo muda wote, kwa mfano ndani ya tenki. Kanda ya kwanza ni yule anayekuja kila sikukuu: unajua atakuja, kama hewa inayotoka gari linapojazwa. Kanda ya pili ni yule anayekuja tu akigombana na mkewe: si kawaida, lakini mkeka uwe tayari. Kila kanda ina vifaa vyake, taa zake, swichi zake. Huwezi kumpangia shemeji wa kwanza kama wa tatu. Kuna kijana aliniambia mfano huo haumo kwenye vitabu. Nikamwambia ndiyo maana anaukumbuka.

Nimefika sasa kwa Mama Paulina, ambaye ndiye mliyetaka nimwandike, msijifanye.

Mama Paulina alikuwa mjane, mkulima wa kahawa na migomba huku juu mlimani, na kituo cha mafuta ndicho alichokiota tangu marehemu mumewe akiwa hai. Alikijenga kidogo kidogo. Tulipokwenda kukagua nilikuwa na Naserian, binti mkaguzi aliyekuwa ametoka chuoni karibuni, mkali wa hesabu, mwenye pua kuliko mimi. Pua ni muhimu. Mzee Lembris alitufundisha kusimama getini kwanza, kunyamaza na kunusa, kabla hata ya kusalimia. Watu walidhani tuna majivuno.

Pampu zilikuwa sawa. Taa zilikuwa za aina inayotakiwa, zenye vioo vizito. Tukafika kwenye mabomba yanayobeba waya kutoka pampu kwenda chumba cha swichi. Bomba kama hilo lazima lizibwe kwa saruji yake maalumu, inayomiminwa ikiwa uji na kuganda ikawa jiwe. Bila hivyo, hewa ya mafuta hupita ndani ya bomba sambamba na waya, kama soda kwenye mrija, ikaenda kukaa chumba cha swichi kumsubiri mtu awashe taa.

Naserian aliinama, akanusa, akainuka na uso wa kushangaa. "Mama, hapa pananukia Jumamosi."

Nikainama. Kweli. Palinukia siku ya kufua.

Fundi aliyetandaza nyaya aliitwa Saimoni. Alikuwa fundi magari kabla ya kuingia kwenye umeme, na kila anayemiliki gari bovu nchi hii anajua kinachofanyika tenki la petroli likitoboka porini: unachukua sabuni ya mche, unaisugua kwenye tundu, unaendelea na safari. Saimoni hakuipata ile saruji, basi akaziba mabomba yote ya Mama Paulina kwa sabuni ya mche. Alifanya kwa ustadi mkubwa, niseme ukweli. Alikuwa amelainisha kwa kidole.

"Mama mkaguzi," alijitetea, "tenki la Land Rover yangu limezibwa na sabuni mwaka wa pili huu. Petroli haiyeyushi sabuni. Sabuni inayeyushwa na maji tu."

"Na mvua za hapa ni za nini, Saimoni? Za mapambo?"

Akakuna kichwa.

"Ikikauka inapasuka," nikamwambia. "Na hewa ikilipuka ndani ya bomba, hiyo sabuni yako itatoka kama risasi. Itampata mtu, tena atakuwa ametakata."

Nikakataa kupitisha kituo. Mama Paulina alilia, na mimi sikulifurahia hilo hata kidogo. Mafuta yalikuwa yameshashushwa kwenye matenki, kadi za uzinduzi zimeshagawiwa, ng'ombe amechaguliwa, na padre alikuwa amepatikana kwa mbinde. Tukakubaliana hivi: umeme wa kituo ukatwe, mafuta yasiuzwe mpaka mabomba yazibwe upya, ila baraka zibaki siku yake. Kubariki hakuhitaji umeme. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, na nikaona nimemaliza.

Shida ni kwamba mimi ni Mlutheri. Sisi tuna kwaya, tuna hotuba, tuna wali. Hatufukizi ubani. Haikunipitia akilini kabisa.

Siku ya uzinduzi tulialikwa, nikaenda na Naserian. Ukoo wote wa Mama Paulina ulikuwepo, wazee kwa vichanga, viti vimepangwa mpaka karibu na pampu. Vipaza sauti vilikuwa vimechukua umeme kutoka duka la ng'ambo ya barabara, mbali, nikaridhika. Nyama ilichomwa ng'ambo hiyo hiyo, nikaridhika zaidi. Nikakaa kiti cha wageni. Padre akapita na maji ya baraka, akanyunyizia pampu, akatunyunyizia na sisi, na mimi nikapokea bila ubaguzi.

Kisha upepo ukageuka na pua yangu ikaniamsha.

Mama Paulina hakutaka baraka ziishie juu juu. Alitaka zifike mpaka ndani ya tenki. Wapwa zake walikuwa wamefungua mfuniko wa shimo la tenki la chini ya ardhi na kifuniko cha mdomo wake, na wakaweka maua pembeni. Kanda sifuri, wazi, imepambwa. Na kutoka nyuma ya hema nikaona katekista anakuja na chetezo, amepuliza mkaa ukawa mwekundu kabisa, moshi wa ubani unapanda vizuri. Akamkabidhi Padre. Padre akaanza kutembea kuelekea kwenye maua, anakibembeza chetezo taratibu, huku na huku.

Hewa ya petroli ni nzito. Haipandi juu ikapotea. Inatambaa chini kama maji yaliyomwagika, haionekani. Sikujua imefika wapi. Nilijua tu kwamba kati ya lile shimo na yule Padre kulikuwa na mstari wa watoto wamekaa kwenye mkeka.

Naserian alikuwa mwepesi kuliko mimi. Aliruka kutoka kwenye kiti akapaza sauti:

"Padre, hakuna moto hapa! Hakuna moto! Hakuna moto!"

Padre alisimama, akageuka, hakuelewa. Lakini kuna mtu mmoja aliyeelewa mara moja, na alielewa kifundi. Nyuma ya spika, kando ya shimo, kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai ambacho mimi nilidhani ni masufuria. Lilikuwa jenereta la akiba. Mtu wa muziki, jina lake Goodluck, sitanii, alikuwa ameajiriwa kwa kazi moja tu: umeme wa dukani ukikatika, awashe jenereta. Sasa anasikia dada wa ofisi ya umeme anapiga kelele kwamba hakuna moto.

"Moto hakuna? Msijali, nawasha!" Akavuta turubai, akalikanyaga jenereta lisihame, akashika kamba ya kuliwashia.

Kwa hiyo mkononi mwa huyu mkaa, mkononi mwa yule kamba, na katikati shimo lenye maua. Ningesema "zima", Goodluck angesema hajawasha bado. Ningesema "kimbieni", watu wangekimbia na watoto wangekanyagwa, na kamba ingevutwa kwa hofu tu. Nilitafuta neno moja ambalo mtu yeyote wa Arusha, Mkatoliki, Mlutheri, mlevi, akilisikia anaacha alichoshika na kutulia.

Nikasimama juu ya kiti na kusema kwa sauti yangu yote:

"TUOMBE!"

Uwanja mzima ukanyamaza. Vichwa vikainama. Wazee wakavua kofia. Goodluck aliachia kamba, akavua kofia yake na kuishika kifuani, amefumba macho kama mtoto. Padre naye, kwa mazoea ya miaka, aliinamisha kichwa, chetezo kikaning'inia mkononi kimetulia. Hata Naserian alifumba. Mimi peke yangu nilikuwa na macho wazi, na sasa ilibidi niombe.

"Baba wa mbinguni," nikaanza, huku nikishuka kwenye kiti, "tunakushukuru kwa siku hii, na kwa utulivu huu, ambao tunauhitaji sana. Tunamweka mikononi mwako ndugu yetu wa muziki. Umjalie asiiguse tena hiyo kamba. Asiiguse, Bwana. Umeme upo, Bwana, wewe unajua haujakatika."

"Amina," mama mmoja akaitikia.

Nikafika kwenye jenereta, nikalifunga mafuta na kuchomoa waya wa plagi. Goodluck alifungua jicho moja. Nikamtazama. Akalifumba.

"Tunamwombea Baba Padre, mtumishi wako. Umwongoze hatua zake, Bwana, arudi nyuma. Taratibu. Bila kubembeza. Na hicho alichoshika akipeleke ng'ambo ya barabara, kwenye nyama."

Padre alifungua macho yote mawili. Akanitazama, akatazama shimo, akatazama mkaa. Niliona jinsi alivyoelewa, maana rangi ilimtoka. Akaanza kurudi kinyumenyume kwa unyenyekevu mkubwa, katekista nyuma yake.

"Na waliofungua kifuniko cha tenki, Bwana, uwape moyo wa kukifunga. Sasa hivi. Na wazazi, wawashike watoto wao mikono, watufuate barabarani kwa amani, pasipo kukimbia, pasipo sigara, pasipo kupiga simu."

Wakafunga. Wakanyanyuka. Ukoo mzima ulivuka barabara katika sala, macho nusu wazi ili wasigongwe, na mimi niliendelea kuomba mpaka kichanga wa mwisho alipovuka. Sijui nilisema nini mwishoni. Naambiwa nilimshukuru Mungu kwa ajili ya saruji.

Niliposema amina, nilikaa chini kwenye nyasi. Padre alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Mama, wewe ni wa parokia gani?"

"Mimi ni Mlutheri, Baba."

"Nilihisi," akasema. "Kwa urefu."

Alibariki kituo kutoka ng'ambo, kwa maji peke yake. Mama Paulina aliuliza kama baraka zitafika mpaka kwenye tenki kwa umbali ule. Padre akamwambia baraka hazihitaji waya.

Saimoni alikwangua sabuni yote, akaziba mabomba upya kwa saruji inayotakiwa, Naserian amesimama juu yake kama mama mkwe. Siku hizi ni fundi anayeaminika kwa kazi hizo, na kituo kinauza mpaka leo. Kuhusu Naserian, nilimsema kidogo njiani tukirudi. Si kwa ile kelele. "Wewe ni mkaguzi, upo kwenye kanda sifuri, na unafumba macho?"

"Lakini Mama, ulisema tuombe!"

Tulikwenda Olmotonyi kumsimulia Mzee Lembris, ambaye alikuwa ameshastaafu na kubaki na ng'ombe wake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa hata fimbo. Halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Nani alitamka moto?"

Naserian alianza kuwatazama ng'ombe kwa bidii sana. Alitununulia chai wote, na mzee alikunywa vikombe vingi kuliko nilivyowahi kumwona akinywa.

Sasa nimalizie na lile ambalo hamkuliona, kwa sababu mlikuwa mmefumba macho.

Siku mliyoniaga, mlipamba ukumbi, mkaweka keki yenye mishumaa, na kinanda mkakipatia umeme kwa waya wa nyongeza uliochomekwa kwenye waya mwingine wa nyongeza, chini ya meza, chini ya kitambaa kinachogusa mishumaa. Wakaguzi wa umeme, nyie. Nilijitahidi kutosema kitu, maana ilikuwa sherehe yangu. Mwenyekiti akasema, "Tuombe." Vichwa vyote vikainama. Mimi, kwa mazoea, nikabaki nimefumbua nikitafuta plagi.

Naserian naye alikuwa amefumbua. Alikuwa ameshainua kitambaa kwa mguu, ameshavuta ile plagi, na alikuwa anasogeza mshumaa wa mwisho mbali na ukingo, polepole, bila kumgusa mtu. Akainua uso akaniona. Tulitazamana juu ya vichwa vyenu vyote. Akanitikisia kichwa, kisha akashusha kope zake kidogo na kuzifungua, kama mtu anayemwambia mwenzake, fumba wewe, mimi nipo.

Nikafumba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu kituo cha Mama Paulina, na niliomba kweli.